Atakula Nini Angojaye Maembe?

(Maneno ya hotuba kwa wakaaji wa Pumwani, Nairobi, juu ya kupanda vyakula kati ya miti ya matunda)

Wazee wetu wa Majengo, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti,

Nimeombwa niseme nanyi habari za ukulima, na nimekwisha kusikia mtu akinong'ona kwamba hapa Pumwani hakuna mahali pa kuotesha hata mchicha, seuze shamba. Ni kweli. Kati ya nyumba na nyumba huku Majengo hapapiti ila mtu na mkokoteni wake. Lakini najua pia kwamba wengi wenu mna ardhi, nayo iko Makueni, Machakos, Murang'a, Embu, Siaya au Kwale. Na kila mwisho wa mwezi fedha hutoka hapa kwa simu zikaenda kulima shamba ambalo mwenyewe halioni ila wakati wa Krismasi au Idi. Basi nasema nanyi kwa sababu ninyi ndio mnaotoa amri na fedha. Mwenye kushika jembe yuko mbali, naye aghalabu ni mke, mama au dada.

Siku hizi amri itokayo mjini mara nyingi ni moja: "Pandeni miti ya matunda." Mtu amepita Gikomba au Marikiti, ameuliza bei ya maembe, amepiga hesabu kichwani, naye akajiona tajiri kabla hajafika nyumbani. Hesabu yake si mbaya. Mwembe wa kubebeshwa, yaani ule uliounganishwa kijiti cha mwembe bora juu ya shina la mwembe wa kienyeji, huanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu au wa nne, kisha huendelea miaka mingi. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu. Walakini hawakutuambia huyo mvumilivu atakula nini wakati anapongoja. Na miche mingi hufa katika miaka hiyo mitatu minne ya kungoja, wala haifi kwa ukame peke yake. Hufa kwa sababu nyumbani wako watoto wanaotaka chakula, na shamba lililokuwa likitoa mahindi na maharagwe limegeuzwa kuwa mistari ya vijiti visivyotoa kitu. Mche usioleta faida kwa mtu aliye karibu nao hauna mlinzi.

Napenda tufanye hesabu pamoja. Eka moja ya ardhi ni kiasi cha meta 4,047 za mraba. Ukipanda miembe kwa nafasi ya meta 10 kila upande, ambazo ni kama hatua 12 za mtu mzima, itaingia miembe 40 katika eka. Tuseme mwaka wa kwanza kila mche twauachia duara la meta moja kutoka shinani, asije mtu akaukata kwa jembe. Maduara yote 40 yakijumlishwa hayazidi meta 126 za mraba, yaani kama sehemu 3 katika kila 100 za eka ile. Je, hizo sehemu 97 zilizobaki zafanya kazi gani? Katika mashamba mengi zaota magugu, na magugu hayo mnayalipia fedha ili yapaliliwe. Hata mwaka wa tano au wa sita, matawi yakiwa yamefika meta tatu kutoka shinani, miti yote itakuwa imeshika meta 1,130 hivi, zaidi kidogo ya robo ya eka. Karibu robo tatu bado ziko wazi na jua lazipiga.

Shauri ninaloleta ni kupanda vyakula vifupi katika nafasi hiyo. Jambo hili si geni. Watu wa pwani wamelifanya tangu zamani chini ya minazi, na hapa Majengo, ambako nyumba za kwanza zilijengwa kwa namna ya pwani, wako wazee wanaolijua vizuri kuliko mimi. Mnazi ukiwa mchanga, ardhi kati yake hulimwa kunde na muhogo. Ukifika miaka minane au zaidi, makuti hutandaa chini kwa chini na kivuli huwa kizito, basi watu hupunguza kupanda. Baadaye mnazi hupanda juu, mwanga ukashuka tena, na shamba likafunguka mara ya pili, hata likawekwa michungwa au migomba. Mkulima wa pwani hakusoma haya katika kitabu. Aliyaona kwa macho.

Ajabu ni kwamba mabwana shamba wa wakati wa ukoloni hawakuupenda mchanganyiko. Walikuwa wamefundishwa kwamba mistari iliyonyoka ya mmea mmoja ndiyo ustaarabu, na shamba lenye mimea ya kila namna ni uvivu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua njia kwa Waafrika wengi kulima kahawa, waliambiwa mikahawa ikae peke yake, bila maharagwe kati yake. Katika makatazo yale palikuwa na akili fulani, maana mimea miwili hunyang'anyana maji, na dawa ya mmoja huangukia mwingine. Lakini aliyepewa amri hakupewa sababu, wala hakuulizwa atakula nini. Watu wa Machakos walikuwa wamekwisha kuonja amri za namna hiyo: mwaka 1938, walipolazimishwa kupunguza ng'ombe wao, walikuja mpaka Nairobi kwa wingi kumlalamikia Gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu.

Miaka ya 1970 wataalamu wengi wa ulimwengu waligeuka, wakaanza kuupima mchanganyiko badala ya kuukemea. Kipimo chao ni chepesi, hata mtu asiye na elimu nyingi aweza kukitumia. Tuseme, kwa mfano tu, eka ya miembe peke yake hutoa kreti 100, na eka ya ndengu peke yake hutoa magunia 4. Umechanganya katika eka moja ukapata kreti 90 na magunia 2. Miembe imekupa sehemu tisa za kumi za mavuno yake, ndengu zimekupa nusu. Ili upate vitu hivyo kwa kutenga mashamba ungehitaji karibu eka moja na nusu. Umepoteza kreti 10, lakini hiyo ardhi ya ziada hukuinunua kwa mtu. Ukiona jumla imeshuka chini ya eka moja, basi ujue umechanganya vibaya, na hilo pia hutokea, nitalieleza.

Kwa nini nataja ndengu, ambazo wenzetu wa pwani huziita pojo? Kwa sababu ndengu, kunde na maharagwe ni katika jamii ya mimea yenye vifundo vidogo mizizini. Mwaka 1888 wataalamu wawili wa Kijerumani, Hellriegel na Wilfarth, walitoa maelezo kamili kwamba ndani ya vifundo hivyo mna vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kumpa mmea. Mmea ukivunwa na mizizi yake ikaachwa ardhini, sehemu ya chakula hicho hubaki katika udongo. Kwa hiyo, mtu anayeng'oa maharagwe na mizizi yake, akayapuria nyumbani na kutupa mabua nyuma ya jiko, amebeba mbolea aliyopewa bure akaiondoa shambani. Yafaa shina likatwe, mizizi ikae. Mabua nayo apewe mbuzi bomani, na samadi irudi chini ya miembe. Asiwafungulie mbuzi shamba wakajilie wenyewe, maana mbuzi hajui kutofautisha bua la ndengu na jani jororo la mwembe wa shilingi nyingi.

Sasa tuje Makueni, maana huko miembe imekuwa mali hasa, na kaunti hiyo imejenga kiwanda chake cha kusindika maembe katika Kalamba. Nchi ile ni kavu. Mvua za vuli, za Oktoba mpaka Desemba, ndizo za kutegemewa zaidi kuliko za masika. Mkulima stadi wa huko hupanda mara moja mvua inyeshapo, tena hupanda vitu vinavyowahi kuiva. Kituo cha uchunguzi cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kimetoa mbegu nyingi kwa ajili ya nchi kavu. Maharagwe ya KAT B1 huiva kwa muda wa miezi miwili na siku chache, na ndengu za N26, ambazo wengi huziita nailoni, hukaribiana nayo. Mmea wa namna hiyo hunywa maji ya mvua, huiva, huondoka. Mwembe ukabaki peke yake wakati wa ukavu, nao una mizizi ya kwenda chini kutafuta maji yake. Hawagombani sana kwa sababu hawali katika sahani moja.

Ardhi ya vilima vya Ukambani ina matuta ambayo ulimwengu mzima umeyaazima pamoja na jina lake la Kiswahili: fanya juu. Mtaro huchimbwa, na udongo wake ukatupwa upande wa juu, basi kila mwaka shamba hujisawazisha lenyewe. Mwaka 1994 wataalamu Tiffen, Mortimore na Gichuki walitoa kitabu kizima juu ya Machakos, jinsi nchi iliyodhaniwa imekwisha kuharibika katika miaka ya 1930 ilivyorudishiwa uhai na wenyeji wake, ijapokuwa watu waliongezeka. Katika mitaro hiyo wengine hupanda migomba na mipapai, na miembe huwekwa kando ya tuta mahali maji yanapokusanyika. Vyakula vikakaa katikati, kwenye uwanja uliosawazika. Nimeona mistari mirefu ya namna hiyo, na kwa kusema kweli sijaona shamba linalopendeza macho kuliko hilo.

Mpapai nautaja kwa makusudi. Huanza kuzaa kabla ya mwaka au mwaka upitapo kidogo, na baada ya miaka mitatu au minne nguvu zake hupungua. Yaani huzaa katika miaka ile ile ambayo mwembe hauzai, na huchoka wakati mwembe unapotaka nafasi. Ukiweka mpapai mmoja kati ya mwembe na mwembe, unakuwa na matunda mawili katika mstari mmoja bila ugomvi, mradi uwe na moyo wa kuukata mpapai saa yake ifikapo. Wengi hawana moyo huo. Mti ungali na mapapai mawili matatu juu, mtu huuonea huruma, na mwembe ukapinda kutafuta jua.

Nilisema kwamba mtu aweza kuchanganya vibaya. Mahindi marefu ni adui wa mche. Hunyonya chakula kingi na kuweka kivuli. Kama lazima, yapandwe mwaka wa kwanza na wa pili tu, katikati kabisa, meta mbili au zaidi mbali na mti. Kunde za kutambaa hupanda juu ya mche na kuukaba. Tafuteni zile zinazosimama. Muhogo mimi siupendi katika miembe michanga, kwa sababu hukaa ardhini muda mrefu na siku ya kuung'oa huchimbua mizizi ya jirani. Mbaazi ni nzuri lakini ni ndefu, basi mstari mmoja katikati watosha, nao utapunguza upepo. Na yule anayetaka kunywesha maji ya mfereji ili apate nyanya na sukuma wiki chini ya miembe mikubwa, namwomba afikiri mara mbili. Mwembe hutaka kipindi cha ukavu ndipo uchanue. Ukiunywesha na kuutia mbolea wakati wote, utakupa majani mazuri sana ya kutazama.

Ng'ombe wa plau nao wana shauri lao. Plau haiwezi kugeuka mahali padogo. Mwisho wa kila mstari acheni nafasi ya jozi ya ng'ombe kuzunguka, na karibu na shina ilimwe kwa jembe la mkono, tena juu juu.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote katika miembe inayozaa ni nzi wa matunda. Yule aliyetoka Asia alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, naye alitambuliwa na wataalamu wa icipe, kituo cha uchunguzi wa wadudu kilichoko Kasarani, si mbali na hapa, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na biashara hiyo haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Nzi hutaga mayai ndani ya embe, embe huanguka, funza hutoka humo na kuingia udongoni, kisha huruka nzi mpya. Kwa hiyo, kila embe lililoanguka lapasa liokotwe na kufukiwa chini sana, au lifungiwe ndani ya mfuko mweusi wa nailoni juani mpaka funza wafe. Sasa, chini ya mwembe uliofunikwa na kunde, nani ataliona embe lililoanguka? Hapa mchanganyiko wageuka kuwa maficho ya adui. Miti ikianza kuzaa, ardhi yote iliyo chini ya matawi iachwe safi, na vyakula vibaki katika njia za katikati tu. Mapera nayo yasipandwe humo, kwa kuwa nzi huyo huyo huyapenda. Na miembe ikipigwa dawa, mtu asichume majani ya kunde yaliyo karibu akaenda kuyapika. Dawa ilishuka juu yake. Watoto ndio watakaodhurika kwanza.

Wa Murang'a na Embu nitawaambia machache. Mparachichi si mwembe. Mizizi yake ya kula iko juu juu ya udongo, hata jembe la kawaida huikata, na jeraha hilo ni mlango wa ugonjwa wa kuoza mizizi. Basi maharagwe yapandwe mbali na shina, na chini ya mti patandazwe majani makavu badala ya kulimwa. Viazi, nyanya, pilipili hoho na biringani zisikaribie, kwa maana zina ugonjwa mmoja wa kunyauka ambao hukaa udongoni na kuushika mparachichi pia. Najua viazi vina bei. Hata hivyo nasema.

Nimeacha jambo moja mpaka sasa, na huenda likawaudhi baadhi ya mabwana. Katika nyumba nyingi za nchi yetu mti huhesabiwa kuwa wa mume, na maharagwe huhesabiwa kuwa ya mke. Msimu wa maembe ufikapo, dalali huja shambani, hutazama miti, kisha humpigia simu bwana aliyeko Pumwani. Wakapatana bei, na fedha zikaingia katika simu ya bwana. Yule aliyebeba mitungi ya maji mgongoni miaka mitatu ili mche usife husikia habari hizo kwa jirani. Mwaka unaofuata anaambiwa apalilie miembe. Je, mwashangaa anapoanza kupalilia mahali pengine?

Hapa ndipo naona faida ya mchanganyiko iliyo kubwa kuliko naitrojeni. Ndengu zikiwa zake, atazipalilia bila kuambiwa, na kwa jembe lile lile mwembe umepaliliwa. Samadi atakayozitia itaufikia mti. Atawafukuza mbuzi, maana watakula ndengu kabla ya kula mwembe. Fedha ambazo wewe ungetuma kila mwezi kuwalipa vibarua wa kupalilia, shamba limezitoa lenyewe. Lakini bwana akisema fedha za ndengu nazo ziletwe Nairobi zihesabiwe, ameukata mwembe wake kwa mdomo. Wala si hisani ninayowaombeni. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imetaja kazi ya shambani waziwazi kuwa ni mchango katika mali ya mume na mke, sawa na fedha. Yule anayedhani kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyenunua miche basi miti ni yake peke yake, aitafute sheria hiyo aisome, au asomewe.

Kwa wale wanaotaka kuanza mvua za vuli zijazo: mashimo yachimbwe Agosti, upana na kina cha sentimeta 60, na udongo wa juu uwekwe kando ili uchanganywe na samadi iliyooza. Miche inunuliwe katika kitalu kilichoandikishwa, wala si kwa mtu anayepita na gari asiyejulikana kwao. Itazameni mahali ilipounganishwa; kiungo kiwe kimeshikana vizuri, nacho kikae juu ya udongo siku ya kupanda. Mmoja apime hatua 12 na kusimamisha vijiti kabla ya kuchimba, kwa maana mtu akikosea nafasi leo atakuja kulijua kosa hilo baada ya miaka kumi, miti ikiwa imekumbatiana. Na yule atakayelima aulizwe mapema anataka kupanda nini katikati, ili mbegu zake zinunuliwe siku moja na miche.

Haya, nimekwisha. Saa ya maswali imefika, na yule mama aliyeinua mkono tangu nilipotaja ndengu, aanze yeye.